Barua Inayosema Kenya Inamhitaji

Mwezi wa nne mwaka jana, stima ikiwa imepotea mtaa mzima, binamu yangu alinipigia simu akicheka. Nakijua kicheko hicho. Ndicho alichokuwa akicheka chuoni matokeo yakitoka, hajui kama afurahi au alie. Barua yake ilikuwa imefika.

Ni barua ya ukurasa mmoja kutoka Wizara ya Afya. Marekani humtaka kila daktari wa kigeni anayekwenda kusomea utaalamu kwa viza iitwayo J-1 aje na barua kama hiyo kutoka kwa serikali ya kwao. Mambo yanayopaswa kuwa ndani yake yamewekwa na kanuni za Wamarekani wenyewe: kwamba nchi inahitaji watu wenye utaalamu huo, na kwamba daktari ameahidi kwa maandishi kurudi nyumbani akimaliza.

“Nahitajika,” aliniambia. “Imeandikwa hapa, na muhuri umepigwa. Kenya inanihitaji.”

Sasa elewa kwa nini alikuwa anacheka. Huyu ni mtu aliyesomea udaktari miaka sita, akafanya mwaka wake wa uanagenzi katika hospitali ya kaunti moja ambayo sitaitaja, akapata leseni, kisha akakaa zaidi ya mwaka mzima bila kazi ya kudumu. Alikuwa akishika zamu za kulipwa kwa siku kwenye kliniki za mtaani, leo Umoja, kesho Kayole, nauli juu yake. Usiku anasomea mitihani ya Wamarekani. Ukutani, juu ya kitanda, alikuwa amebandika jedwali lenye safu nne: Uingereza, Marekani, Ujerumani, Ghuba. Chini ya kila safu kuna mitihani, ada, viza na miaka. Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, swali moja: Watanitaka mpaka lini?

Mimi si daktari. Nilisomea historia, somo ambalo jamaa zangu bado wanauliza litanilisha vipi. Lakini swali lile la kalamu nyekundu ni la historia. Kila mstari kwenye jedwali la binamu yangu uliandikwa na mtu fulani, mwaka fulani, akiwa na shida fulani siku hiyo. Nilitaka kujua ni shida gani.

Daktari juu ya pundamilia

Hadithi hii huwa tunaianzia uwanja wa ndege, daktari wetu kijana akiwa na masanduku mawili, mama analia. Lakini daktari wa kwanza wa kibinafsi Nairobi alikuwa yeye mwenyewe mgeni. Rosendo Ribeiro, Mgoa, alishuka Mombasa mwaka 1898 na kufika Nairobi mwaka 1900, wakati mji ulikuwa reli, mahema na matope. Alikuwa akiwatembelea wagonjwa wake juu ya pundamilia aliyemfuga. Mwaka 1902 ndiye aliyetambua kwamba homa iliyokuwa ikiwaua watu kwenye Bazari ya Wahindi ni tauni. Shukrani yake? Watawala wakaamuru bazari iteketezwe.

Ribeiro hakuhitaji viza kuja hapa. Himaya ilikuwa na milango mingi ya ndani, ingawa haikuwafungulia watu wote kwa upana mmoja. Wahindi waliotibu wajenzi wa reli na baadaye wakaajiriwa na serikali ya kikoloni waliwekwa daraja la chini ya Mwingereza, kwa cheo na kwa mshahara, hata pale walipofanya kazi ileile. Mwafrika aliyesomea utabibu Makerere tangu miaka ya 1920 alitoka akiitwa afisa msaidizi wa tiba. Alipasua, alizalisha, alitibu malaria usiku kucha, lakini kwa karatasi hakuwa daktari kamili. Baraza la madaktari la Uingereza lilikuja kuitambua sifa ya udaktari ya Makerere mwaka 1957.

Baraza hilo, GMC, liliundwa na sheria ya mwaka 1858, na tangu sheria ya 1886 likawa na uwezo wa kusajili shahada za makoloni kwa masharti ya kutambuana: nitambue nikutambue. Kwa hiyo lile swali la “wewe ni daktari wa wapi?” ni la zamani kuliko viza yenyewe. Kabla nchi haijakuuliza una ruhusa ya kuingia, ilikuwa imeshaamua kama ulichosoma ni udaktari.

Waliotaka kuvuka kizingiti hicho walizunguka mbali. Njoroge Mungai alipitia Fort Hare kule Afrika Kusini, kisha akaenda Stanford, Marekani, akahitimu udaktari mwaka 1957. Akarudi. Kenya ilipopata uhuru akawa waziri wetu wa kwanza wa afya. Alikuta nchi ambayo haikuwa na chuo chake cha udaktari. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua kitivo hicho mwaka 1967. Miaka hiyo ya mwanzo wengi waliosoma ng'ambo walirudi, maana nyumbani kulikuwa na kiti kinachowangoja.

Uingereza ilipolia ya kwanza

Leo tukitaja nchi inayopoteza wasomi wake tunafikiria Afrika. Kumbe kilio hicho kilikuwa cha Waingereza kabla yetu. Huduma yao ya taifa ya afya, NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948, na mgonjwa akaacha kulipia daktari mlangoni. Mwaka 1957 kamati ya serikali iliyoongozwa na Henry Willink ikapiga hesabu na kusema nchi inaelekea kuwa na madaktari wengi kupita kiasi. Vyuo vipunguze wanafunzi. Hesabu ilikuwa na makosa. Wakati huohuo madaktari wao vijana walikuwa wanapanda meli kwenda Kanada, Australia na Marekani kutafuta mishahara minono. Hospitali zikabaki na wodi zisizo na watu wa kushika zamu.

Nani aliingia kwenye pengo hilo? Vijana wa India, Pakistan, Ceylon. Walikuwa wamesomea vyuo vilivyoanzishwa kwa mtaala wa Kiingereza, na shahada zao zilitambuliwa. Sheria ya uhamiaji ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1962 ilipokuja kuwabana watu weusi na Waasia kwa mfumo wa vocha, ilitenga daraja la pili kwa wenye ujuzi, na madaktari wakaendelea kupita. Waziri wa afya tangu 1960 hadi 1963 alikuwa Enoch Powell, yuleyule ambaye mwezi wa nne 1968 alitoa hotuba ya kutisha dhidi ya wahamiaji. Hospitali zilizokuwa chini yake zilikuwa zinasimama kwa miguu ya wahamiaji hao.

Na mwaka huo wa 1968 sisi pia tumo ndani ya hadithi. Sheria za Kenya za 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwaweka pembeni Waasia wasiokuwa raia. Wengi walikuwa na pasipoti halali za Uingereza, wakaanza kuondoka. Bunge la London likapitisha sheria mpya kwa siku tatu tu ili kuwazuia wenye pasipoti zake yenyewe. Miongoni mwa waliofanikiwa kuingia, kabla na baada, walikuwamo madaktari na watoto ambao wangekuja kuwa madaktari. Nchi moja iliwasukuma, nyingine ikawafungia, na mtu yuko kwenye uwanja wa Embakasi ameshika sanduku.

Waliokwisha kuingia walipewa kazi ambazo wenyeji hawakuzitaka: kutunza wazee, wagonjwa wa akili, kliniki za miji ya migodi kule Wales. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, karibu theluthi moja ya madaktari wa NHS huko England walikuwa wamezaliwa na kusomea nje. Halafu upepo ukageuka. Mwaka 1975 GMC iliondoa utambuzi wa jumla wa shahada za India na kuleta mtihani kwa wageni. Mtihani huo ndio baba wa PLAB, ule ambao vijana wetu wanausomea leo kwenye vyumba vya kupanga. Mwaka 1985 daktari wa kigeni akatakiwa kuwa na kibali cha kazi, ila akaachiwa miaka michache ya mafunzo bila kibali. Mwaka 2006, kwa tangazo la wiki chache, hiyo nafasi ya mafunzo nayo ikafungwa.

Hapo nilisimama kusoma kwa muda. Jiweke mahali pao. Umekopa pesa, umefanya PLAB, uko Uingereza tayari, na asubuhi moja sheria imebadilika ukiwa kwenye foleni. Chama cha madaktari wenye asili ya India, BAPIO, kilikwenda mahakamani. Mwaka 2008 majaji wa juu kabisa wa nchi hiyo waliamua kwamba mwongozo uliowaambia waajiri wawaweke madaktari hao nyuma ya foleni haukuwa halali. Walishinda. Lakini kufikia siku ya hukumu, kuna waliokuwa wamesharudi kwao, na miaka miwili hairudishwi na jaji.

Baada ya hapo mlango umekuwa kama wa matatu, unafunguka na kufungika gari likiwa mwendo. Mwanzoni mwa 2018 madaktari zaidi ya elfu moja walikuwa wameshapewa kazi na hospitali za NHS lakini wakanyimwa viza, kwa sababu idadi ya mwezi ilikuwa imejaa. Mwezi wa saba mwaka huo serikali ikawatoa madaktari na wauguzi kwenye ukomo huo. Mwezi wa nane 2020, korona ikiwa imewatia adabu, ikaja Viza ya Afya na Huduma, yenye ada ndogo na isiyodai ule ushuru wa afya wanaolipa wahamiaji wengine. Mwaka 2025 serikali ikatangaza mpango wa miaka kumi unaosema wahitimu wa vyuo vya humohumo watangulizwe kwenye nafasi za mafunzo ya utaalamu. Kwa maneno ya mtaani: PLAB fanya, lakini kazi usiwe na uhakika.

Ndiyo maana kwenye jedwali la binamu yangu safu ya Uingereza ilikuwa imepigwa mstari. Alikuwa na rafiki aliyefaulu sehemu ya kwanza akiwa Nairobi, akasafiri hadi Manchester, mji wa pekee ambapo sehemu ya pili hufanyiwa, akafaulu nayo, akasajiliwa. Kisha akatuma maombi ya kazi zaidi ya mia mbili. Simu hazikulia.

Marekani na kamba ya kurudi

Wamarekani walijenga mlango wao kwa njia nyingine. Baada ya vita vya pili vya dunia walitaka dunia iwapende, kwa hiyo sheria ya mwaka 1948 ikafungua mpango wa wageni wa kubadilishana maarifa. Daktari kijana angekuja, ajifunze, arudi kwao akiisifu Marekani. Hospitali zao, zenye vitanda vingi kuliko madaktari wa zamu, zikaupenda mpango huo kwa sababu zao wenyewe. Wengi hawakurudi. Mwaka 1956 Bunge likafunga kamba: anayekuja kwa mpango huo lazima akae nje ya Marekani miaka miwili kabla ya kuomba kuhamia. Mwaka huohuo likaundwa shirika la kukagua vyeti vya waliosomea nje, ECFMG, na mtihani wake wa kwanza ukafanyika 1958.

Mwaka 1965 mambo mawili yalitokea karibu pamoja. Tarehe 3 Oktoba, Rais Johnson akiwa chini ya Sanamu ya Uhuru, alitia saini sheria iliyofuta mgao wa wahamiaji uliowapendelea Wazungu wa Ulaya Kaskazini na kuwapa nafasi wenye taaluma. Na Bunge hilohilo lilikuwa limeanzisha Medicare, bima ya afya ya wazee. Mamilioni ya wagonjwa wapya wakawa na wa kuwalipia. Madaktari kutoka Asia wakamiminika. Miaka kumi na moja baadaye, 1976, Bunge likatamka ndani ya sheria kwamba nchi haina tena upungufu wa madaktari. Kamba ikakazwa: daktari yeyote wa J-1 anayefanya mafunzo, miaka miwili nyumbani. Hapo ndipo ilipo ile barua ya kuhitajika. Marekani ilitaka uthibitisho kwamba haiibi mtu.

Lakini upungufu haukuwa umeisha. Ulikuwa umehamia vijijini. Seneta Kent Conrad alitoka North Dakota, jimbo la mashamba mapana na baridi ya kukata masikio, ambako daktari wa Kimarekani hapendi kukaa. Mwaka 1994 alipitisha mpango unaojulikana kwa jina lake. Daktari wa J-1 angeweza kusamehewa ile miaka miwili ya nyumbani endapo angefanya kazi miaka mitatu mahali penye uhaba wa madaktari. Kila jimbo lilipewa nafasi 20 kwa mwaka. Mwaka 2002 zikawa 30. Wanauita Conrad 30.

Fikiria hesabu hiyo polepole. Serikali ya Kenya inaandika kwamba inamhitaji daktari. Marekani inasema sawa, atarudi. Kisha inasema: isipokuwa kama sisi tunamhitaji zaidi. Kaunti iliyosahaulika ya kwao inazibwa na mtu kutoka kaunti iliyosahaulika ya kwetu.

Kuna njia nyingine, viza ya kazi ya H-1B, ambayo haina kamba ya miaka miwili. Ila lazima uwe umefaulu mtihani wa ziada, hatua ya tatu, na upate hospitali iliyo tayari kukudhamini. Kisha mwezi wa tisa 2025 Rais Trump akatangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B kutoka nje. Binamu yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshafika kwa J-1, alinitumia habari hiyo bila neno, ila picha ya paka akinywa chai.

Safu mbili za mwisho

Ujerumani na Ghuba nitazipitia haraka, ingawa vijana wengi wanaelekea huko sasa. Ujerumani kwa muda mrefu iliifungia leseni kamili ya udaktari kwa raia wake na wa Ulaya. Mgeni alipewa ruhusa ya muda. Sheria ya mwaka 2012 iliondoa kigezo cha uraia, wakaanza kuangalia elimu yako. Mtihani mkubwa pale ni ulimi. Lazima ujue Kijerumani cha kawaida, kisha ufanye mtihani wa Kijerumani cha hospitali: umhoji mgonjwa, uandike ripoti, umweleze daktari mwenzako. Mwezi wa tisa 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi, na madarasa ya Kijerumani hapa Nairobi yakajaa.

Ghuba ni karibu, mshahara haukatwi kodi ya mapato, na huhitaji kusubiri miaka. Vyeti vyako vinakaguliwa hadi chuo ulikosoma, unafanya mtihani wa kompyuta, unaenda. Lakini kwa kawaida kibali chako kimefungwa kwa mwajiri. Kazi ikiisha, na kukaa kwako kunaisha. Binamu yangu alikuwa ameandika kwenye safu hiyo maneno mawili tu: “Pesa. Kisha?”

Na sisi je?

Ningeweza kumalizia hapo, wazungu na waarabu wakiwa wabaya wa hadithi. Lakini sisi pia ni nchi yenye mlango.

Mwaka 2013, huduma za afya zilipokuwa zinahamishiwa kaunti, serikali na chama cha madaktari walitia saini mkataba wa pamoja wa mishahara. Haukutekelezwa. Mwezi wa kumi na mbili 2016 madaktari wa hospitali za umma wakagoma, na mgomo ukachukua siku 100. Katikati yake viongozi wa chama walifungwa jela kwa kudharau amri ya mahakama. Mtu yeyote aliyekuwa na mgonjwa nyumbani mwaka huo anakumbuka milango ya hospitali ilivyokuwa imefungwa kwa minyororo. Nyanya yetu alikuwa mmoja wao. Tulimbeba hadi hospitali ya misheni, tukachanga pesa kwenye WhatsApp.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita 2018, Kenya ilileta wataalamu 100 kutoka Cuba na kuwasambaza kwenye kaunti. Serikali ilisema kuna uhaba wa wataalamu, na uhaba ulikuwapo kweli. Chama cha madaktari kikauliza: mbona Wakenya wenye leseni wako nyumbani? Maswali yote mawili yalikuwa ya haki. Mwezi wa nne 2019 wawili kati ya Wacuba hao walitekwa nyara Mandera wakienda kazini, na askari aliyekuwa akiwalinda akauawa. Walikuwa wametumwa pale ambapo sisi wenyewe tulikuwa tunaogopa kwenda. Hiyo ndiyo Conrad yetu, bila kadi ya ukaaji mwishoni. Mwezi wa kumi 2023 serikali ikatangaza kwamba mkataba na Cuba hautaendelea.

Kisha 2024. Serikali ikasema madaktari wanagenzi walipwe shilingi 70,000 kwa mwezi, wakati mkataba wa 2017 ulisema 206,000. Mgomo mwingine, siku 56, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano. Suala la wanagenzi likaburutwa hadi mwisho wa Desemba ndipo wakakubaliana kurudi kwenye zile 206,000. Ukitaka kujua kwa nini jedwali lilibandikwa ukutani, usianzie London wala Washington. Anzia hapo.

Hesabu ambayo hainipi usingizi

Michael Clemens na Gunilla Pettersson walichukua takwimu za sensa za nchi tisa zinazopokea wahamiaji wengi, wakatafuta madaktari waliozaliwa Afrika. Waligundua kwamba kufikia mwaka 2000, zaidi kidogo ya nusu ya madaktari waliozaliwa Kenya walikuwa wanaishi katika nchi hizo. Nusu! Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni makosa ya uchapaji. Kisha nikakumbuka walikuwa wanahesabu mahali pa kuzaliwa, si mahali pa kusomea. Ndani ya nusu hiyo mna wale watoto wa 1968 waliotoka na wazazi wao, wakasomea udaktari Leicester au Toronto. Takwimu moja imebeba hasara mbili: watu tuliowasomesha wakaondoka, na watu tuliowafukuza kabla hatujawasomesha.

Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kanuni za maadili: usiende kuajiri kwa mkupuo katika nchi yenye upungufu mkubwa. Ni kanuni za hiari. Uingereza ina orodha yake. Mwezi wa kumi na moja 2021 Kenya iliwekwa rangi ya manjano, maana yake mawakala waajiri tu kupitia makubaliano ya serikali kwa serikali. Tafadhali soma vizuri: orodha hiyo inamzuia wakala kuja kukutafuta. Haimzuii daktari kujiombea mwenyewe. Na kwa maoni yangu haipaswi kumzuia. Mtu aliyekaa mwaka mzima bila kazi hajaibwa na yeyote.

Lakini siwezi kusema hilo kisha nilale vizuri. Kwa sababu kuna nyanya kwenye kigari cha hospitali ya misheni, na kuna wodi katika ile kaunti nisiyoitaja ambako usiku wa zamu ya binamu yangu palikuwa na daktari mmoja kwa wagonjwa ambao hakuwahi kumaliza kuwahesabu. Anayeondoka ana haki, na anayebaki kitandani ana haki. Nchi za kigeni hazikuumbwa kulipatanisha jambo hilo. Historia yote niliyosoma inaonyesha kwamba hufungua zikiugua na kufunga zikipona. Kwenye mwaka 1962, 1975, 2006, 2020 sikuona hata mara moja sheria iliyoandikwa kwa kumfikiria yule nyanya. Hilo lilikuwa jukumu la aliyepiga muhuri kwenye barua.

Kwa hiyo jibu la swali la kalamu nyekundu, Daktari, ni hili: watakutaka mpaka hesabu yao ibadilike. Panga maisha yako ukijua hivyo. Soma sheria ya mwaka huu, na uweke akiba ya mwaka ambao haitakuwepo.

Aliondoka mwezi wa sita. Uwanjani shangazi hakulia, jambo lililotushangaza sote. Alikuwa na kazi nyingine akilini. Wiki iliyofuata niliwatembelea nikaona kitu kipya ukutani sebuleni, karibu na picha ya mahafali. Alikuwa ameichukua nakala ya ile barua ya wizara, akaipeleka saiba pale stejini, wakaipiga plastiki ngumu kwa shilingi hamsini.

Nikamuuliza, “Shangazi, hii ya nini?”

Akaipangusa vumbi kwa kanga kabla ya kujibu.

“Hii ni deni,” akasema. “Wameandika wanamhitaji. Siku akirudi, tutaenda nayo watuonyeshe kazi iko wapi.”